Sarafu Aliyoimeza Sheikh Nayif

Nilikuwa nimekwisha kuamua kukataa. Kutaiba, kijana aliyemtaka mjukuu wangu Rudaina, alinitembelea kabla ya posa, akaona sarafu yangu iliyofuliwa hapa hapa Jarash zama za Warumi, akaisugua kwa ndimu ili anifurahishe. Utando wa kijani ulioihifadhi shaba ile kwa karne nyingi ukatoweka kabla chai haijapoa. Mkono usioweza kuacha kitu kilivyo haukabidhiwi binti.

Rudaina alilia. Nikamwambia machozi yana chumvi, nayo chumvi huila shaba. Akalilie mbali na kabati.

Siku ya posa Kutaiba akaja na wazee wa ukoo wao kutoka Ajlun, wakiongozwa na ami yake, Sheikh Nayif. Kahawa ikamiminwa. Sheikh akakiacha kikombe mezani bila kukigusa, kama itakavyo desturi, mpaka nitamke, "Kunyweni kahawa yenu," yaani nimekubali. Sikutamka. Nilieleza, kwa utulivu na kwa kirefu, madhara ya ndimu.

"Mzee Mufid, tumekuja kuomba mke, si kusomeshwa," akasema, koo limemkauka.

"Yote mawili yataka subira, sheikh."

Kahawa ilikuwa haramu kwake, na kiu imemzidi. Rafuni, kando ya bega lake, palikuwa na bilauri ya maji yasiyo na chumvi, nilimoloweka sarafu ndogo yenye sura ya Artemi, mungu wa kale wa mji wetu, ili chumvi inayoila itoke. Akaichukua, akainywa kwa mkupuo mmoja. Akakohoa.

"Maji yenu yana mchanga?"

"Hayana. Yalikuwa na sarafu."

Rudaina akachungulia mlangoni. "Babu, ile ya Artemi?"

"Ile ile."

Kutaiba akaruka. "Ami, twende hospitali sasa hivi!"

"Keti, wewe! Siondoki bila jibu," akafoka sheikh, akishika tumbo. "Mkitukataa, naondoka na vyote nilivyonavyo."

Nikatafakari. Kwetu, aliyekataliwa posa haikanyagi tena nyumba ile, wala hafuatwi kwake kwa jambo lolote.

"Kunyweni kahawa yenu," nikasema.

Rudaina akapiga kigelegele. Sheikh akanywa kahawa yake baridi, kisha tukampeleka hospitali. Nilikaa kando ya kitanda chake, sikubanduka, hadi sarafu ilipopatikana. Hata leo watu wa Ajlun husimulia jinsi ninavyowapenda wakwe zangu.