Mchanga wa Mama Boaz

Siku ya tisa baada ya kufunguliwa plasta, Martina aliiona ndoo ya maji mlangoni akainyanyua. Hakufika nayo hatua mbili. Mkwe wake, Loveness, alitoka jikoni akaipokonya kama mtu anayemnyang'anya mtoto wembe.

"Mama, ukionekana na ndoo mimi nitasemwa Kahama nzima."

"Utasemwa nini?"

"Kwamba nimemgeuza mama mkwe kijakazi. Kaa tu, mama. Nakuletea chai."

Martina akakaa. Tangu Mei kazi yake ilikuwa hiyo, kukaa. Mwezi huo, kijijini kwake Samuye, alijikwaa kwenye kamba ya ndama akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono. Mwanawe Boaz, anayeuza vipuri vya pampu mjini Kahama, alimfuata kwa gari siku hiyo hiyo. Plasta ilipotoka Julai alimpeleka Mwanza kupimwa mifupa, wakaambiwa imepungua uzito. Boaz aliposikia hivyo alikata shauri palepale: mama hafanyi kazi tena, mama harudi Samuye, na ng'ombe wake wanne watauzwa. Mnunuzi alishapatikana. Angekuja kuwachukua mwisho wa Oktoba, kabla ya mvua.

Ambacho Boaz hakukisikia, kwa sababu alikuwa nje anaongea na simu, ni maneno ya Cornel, mtaalamu wa mazoezi pale hospitali.

"Mama, mfupa usiobebeshwa kitu unazidi kupungua," Cornel alisema. "Unataka mzigo. Mdogo, halafu unaongeza."

"Na sofa ya mwanangu?"

"Hiyo ndiyo inakumaliza."

Akamwonyesha. Asimame na kukaa bila kushika kiti. Anyanyuke kwenye vidole na kushuka kwa visigino. Apande na kushuka kizingiti. Abebe kilo mbili mgongoni, mgongo ukiwa umenyooka, asiiname na mzigo hata siku moja. Maziwa kila siku, dagaa wazima na mifupa yao, jua la asubuhi. Na kidonge kimoja kila Jumapili kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, kisha asilale kwa nusu saa.

"Nikifanya hayo nitarudi kwa ng'ombe wangu?"

"Mimi huja kliniki Kahama kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Siku utakayonyanyuka kutoka kwenye kiti mara tano bila kushika, na kusimama kwa mguu mmoja sekunde kumi, kulia na kushoto, nitamwambia mwanao mwenyewe."

Siku hiyo Martina hakuweza kunyanyuka kwenye kiti bila kushika hata mara moja.

Kidonge, maziwa na dagaa havikuwa na shida, Loveness alivileta vyote kwenye trei. Shida ilikuwa mzigo. Kwa hiyo Martina akaamua kujificha. Kila alfajiri, nyumba ikiwa bado inakoroma, alitoka uani na mkoba wa zamani wa shule wa mjukuu wake Klara. Alichota mchanga nyuma ya choo kwa kopo, akaupima kwenye mzani wa duka la mchele la Loveness, uliokuwa ukilala nyumbani, akautia mkobani. Kilo mbili. Alizunguka uani mara ishirini, akapanda na kushuka kizingiti, kisha akaurudisha mchanga mahali pake na kuufuta kwa mguu. Septemba alikuwa amefika kilo nne.

Sasa, Kahama si Samuye. Samuye ukionekana unapima mchanga, watu watakuuliza kama umelala vizuri. Kahama, mji unaoishi kwa dhahabu, mtu anayepima mchanga alfajiri kwa siri na kuufukia tena haulizwi kitu. Anachunguzwa.

Apolonia, jirani wa ukuta wa pili, alichunguza wiki mbili. Kisha akamwambia mtu mmoja tu, naye akamwambia mmoja tu, na Jumatatu asubuhi Boaz na mkewe wakiwa madukani, geti likagongwa. Aliyegonga alikuwa mnunuzi wa dhahabu anayeitwa Marwa, na karai mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Nimeambiwa hapa kuna mzigo."

"Mzigo gani?"

"Mama, sisi ni watu wazima. Mchanga."

"Mchanga upo. Uko mkobani, leo sijaurudisha."

Marwa akashusha sauti. "Umetoka duara gani?"

"Haujatoka kwenye shimo lolote. Umetoka nyuma ya choo."

Marwa alicheka kwa heshima, kama mtu aliyekutana na mfanyabiashara mgumu. "Sawa, mama. Siri ni yako. Niruhusu nioshe kidogo tu, nione."

"Osha. Maji yale pale. Lakini uurudishe wote, kilo zangu zimetimia."

Marwa akachuchumaa, akaosha. Akazungusha karai, akamwaga maji, akaongeza, akazungusha tena. Kichwa cha Apolonia kilikuwa kimeshapanda juu ya ukuta. Mwishowe kilichobaki kwenye karai ni kifuniko cha soda na kijiti cha kiberiti.

Boaz na Loveness wakaingia wakati huo huo wakihema. Mtu alikuwa amempigia Boaz simu: mama yako anauza dhahabu na wewe huna habari.

"Mayu, dhahabu gani?" Boaz alimwita hivyo tangu utotoni, kwa Kisukuma.

"Hakuna dhahabu. Nabeba mchanga niimarishe mifupa."

"Mifupa imepungua, halafu unaibebesha?"

"Imepungua kwa hiyo naibebesha. Ungekata simu siku ile ungesikia."

"Na ukivunjika nyonga?"

"Nitavunjika nimekaa kwako au nimesimama kwangu. Chagua."

Marwa alibana karai kwapani akaaga mmoja mmoja, kwa adabu zote. Boaz alisubiri geti lifungwe.

"Alhamisi tunakwenda kwa huyo Cornel wako. Usipofaulu, Jumamosi ng'ombe wanaondoka. Sisubiri Oktoba."

Alhamisi, Cornel aliweka kiti ukutani. Martina alikunja mikono kifuani, akasimama, akakaa. Mara tano, na ya tano ilikuwa nyepesi kama ya kwanza. Kwa mguu wa kulia alisimama sekunde kumi na moja. Kisha wa kushoto. Nne. Tano. Ya sita ikamyumbisha akashika meza.

Boaz alitoa simu mfukoni ampigie mnunuzi wa ng'ombe.

"Baba Klara, rudisha hiyo simu," Loveness alisema.

"Nilisema asipofaulu—"

"Hakushindwa yeye. Tulimkalisha sisi. Miezi miwili anafanya mazoezi gizani kama mwizi ili mimi nisisemwe na kina Apolonia. Angefanya mchana, mtu akimshika mkono, leo angefika kumi."

Martina alimtazama mkwewe. Hakujua kama aliwahi kumsikia akimkatiza mumewe.

"Mimi niseme langu," Cornel alisema. "Kipimo cha mifupa hakionyeshi tofauti kabla ya mwaka au zaidi, kwa hiyo sitakudanganya kuhusu mifupa. Lakini huyu mama Julai hakuweza kunyanyuka kwenye kiti. Anayeanguka ni mwenye miguu dhaifu, na hii si dhaifu tena. Mguu wa kushoto unahitaji mwezi."

Boaz aliitazama simu, akamtazama mama yake, aliyekuwa bado ameshika meza na hajaomba kitu.

"Alhamisi ya mwisho wa Oktoba," alisema. "Ukifaulu unarudi Samuye. Na yule ndama afungwe mbali na mlango."

"Ndama nitamfunga mwenyewe."

Asubuhi iliyofuata, jua likiwa limeshatoka, Loveness alijaza vindoo viwili vidogo kwenye bomba la mbele, pale wanawake wote wa mtaa wanapochota. Kisha akaita kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Mama, maji yako tayari."

Martina alikuja, akavichukua kimoja kila mkono, mgongo umenyooka.

"Mama Klara," Apolonia aliuliza kwenye foleni, "leo mama mkwe ndiye anabeba maji?"

"Anabeba, na kesho atabeba. Ana ng'ombe wanne wanamsubiri."

Martina alivifikisha mlangoni, akavitua taratibu. Kisha akarudi bombani, akaweka kiganja begani mwa Loveness, akanyanyua mguu wa kulia na kuliachia lile bega. Foleni nzima ikageuka kutazama. Loveness akaanza kuhesabu, na kwenye tano Apolonia akaingia, maana hakuwahi kuacha jambo lipite bila yeye.

"Saba," wakasema pamoja.

Mguu ukashuka.

"Jana ilikuwa sita," Martina alisema. "Nijazieni kingine."