Jina la Mtu Mmoja

Kosa ni langu, simsukumii mtu. Dada yangu Shamsia aliniambia siri Jumatatu, na kufika Ijumaa nilikuwa nimeshaisomea Yasini mbele ya watu sitini.

Shamsia yuko Marekani, Ohio, mwaka wa kumi na tisa huu. Alinipigia nikiwa Zinga, nimevaa mabuti, nachanja ng'ombe wa watu. Stashahada yangu ni ya mifugo. Siri za ng'ombe nazitunza vizuri sana.

"Ausi, uko peke yako?"

"Niko na ng'ombe kumi na wanne. Shikamoo, dada."

Hakucheka. Akaniambia wamemkuta na uvimbe kwenye titi, atapasuliwa Alhamisi ya wiki inayofuata na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hospitali inataka aandike jina la mtu mzima mmoja wa kumchukua akizinduka. Bila jina, hawamgusi.

"Fomu iko mezani siku ya tatu. Sina wa kumwandika."

"Miaka yote hiyo, dada? Hata jirani?"

"Simjui jina. Tunapungiana mikono. Mtu mzuri sana, hajawahi kunisumbua."

Kwao hiyo ni sifa. Kwetu, jirani asiyekusumbua miaka yote hiyo ana lake jambo.

"Usimwambie mtu," akasema. "Hasa mama. Nilitaka mtu wa kunisikiliza tu."

Nami nikafikiri kama tunavyofikiri huku: mgonjwa akisema usiseme, anaona haya tu, na kazi ya ndugu ni kumsemea. Nikamwambia mama. Bi Mwanabaraka hakulia, aliagiza ubani na mchele. Ijumaa baada ya swala nyumba yake ya Magomeni, hapa Bagamoyo, ikafurika. Tukasoma, tukala. Mimi hodari nikapiga video, nikairusha kwenye kundi la ukoo, na chini nikaandika: dada yetu Shamsia anapasuliwa titi Alhamisi, tumwombeeni.

Video haiombi viza. Jumapili watu wa pwani wanaoishi Ohio wakaenda kumjulia hali mgonjwa, magari matano, na chupa za uji na masufuria ya pilau.

Akanipigia jioni yake.

"Wameingia mpaka chumbani, Ausi. Mwanamke nisiyemjua ananikanda miguu. Mwingine ananiuliza titi lipi."

"Si watu wema hao, dada?"

"Najua ni wema! Niliwatoa wote. Nikasema nimechoka, nikafunga mlango. Nikakaa na masufuria yao, ndipo nikaiona ile fomu. Watu ishirini walikuwa ndani, nami nilikuwa namtafuta mmoja."

"Si umpigie hata huyo wa miguu?"

"Nimpigie nimwambie nini? Nimemfukuza. Kuomba nimesahau, Ausi. Huku ukiomba unajiona umeshindwa."

Nikajitia utani, ndiyo dawa yangu ya kila kitu. "Basi niandike mimi, dada. Nakuja na pikipiki ya serikali."

"Wewe nilikuomba kitu kimoja tu," akasema, taratibu kabisa. "Usinipigie tena. Nitajua mwenyewe."

Kwenye kundi pakatokea mstari mdogo: Shamsia ametoka. Nikaja kugundua hata simu yangu haipiti tena, na ya mama, ambaye hakukosa lolote, inaita tu bila kupokelewa.

Leo ndiyo Alhamisi. Saa yake ya kupasuliwa ilikuwa asubuhi ya huko, huku kwetu alasiri. Imepita. Nimekuja kutoka kituo changu cha kazi, Kerege, nimekaa na mama mkekani, simu yake iko katikati yetu kama sahani ambayo hakuna anayetaka kuianza. Majirani wanachungulia mlangoni.

"Mgonjwa vipi, Bi Mwanabaraka?"

"Anaendelea," mama anajibu. Wakishapita ananigeukia. "Ameandika nani?"

Ameniuliza mara nne. Sijui. Labda ameandika jina la jirani, baada ya kugonga mlango na kuliuliza. Labda fomu bado iko mezani, na yeye yuko kitandani na uvimbe wake, hajapasuliwa, mlango umefungwa, uji wa watu umeganda kwenye chupa. Mama amepiga tena kabla ya magharibi, na baada yake tena. Inaita mpaka inachoka.

"Mwachie sauti," mama akasema. "Wewe ndiye unayejua kusema."

Nikaenda kufunga mlango kwanza, nikarudi, nikashika simu ya mama.

"Dada, shikamoo. Ni Ausi, nisamehe. Hatuulizi titi, hatuulizi daktari. Tutajie tu jina la aliyekuchukua, mama amwombee dua. Tuko wawili tu humu ndani, dada, na mlango tumeufunga."