Pazia la Saa Tisa na Nusu

Siku baba alipopunguzwa kazini alirudi nyumbani Kirumba kwa miguu, amekumbatia kopo la rangi lenye ua. Ilikuwa Juni, mwaka 1995. Alikuwa tarishi katika ofisi moja ya pamba kwa miaka ishirini na minne. Sasa pamba ilinunuliwa na yeyote mwenye lori na mizani, na ofisi ile haikuwa tena na barua za kumtosha mtu wa kuzipeleka. Aliliweka kopo juu ya meza ya sebuleni, kando ya redio, akavua viatu.

"Hili ni Krismasi," alisema. "Msiliguse hovyo."

Ndivyo walivyoliita ofisini. Mzungu mmoja mpima ubora wa pamba aliliacha aliporudi kwao, na kila Disemba lilitoa maua mekundu yanayoning'inia kama hereni. Sisi nyumbani tulikuwa tukilisikia tu, kama unavyosikia habari za ndugu aliye mbali. Halikuwa na majani wala miiba. Lilikuwa vipande bapa vya kijani vilivyoungana, kimoja kwenye ncha ya kingine, vikainamia nje ya kopo pande zote.

Wiki za kwanza baba aliamka saa kumi na moja kama kawaida, akapiga pasi shati, akakaa kwenye kiti. Kisha akaacha kupiga pasi. Mwezi wa nane akaacha kukaa. Alilala ameelekea ukutani, na mama akimpelekea uji baba alisema, "Weka hapo," na uji ukaganda hapo hapo. Hospitalini walimpima damu na kifua wakasema hawaoni kitu.

"Afadhali wangeona malaria," mama aliniambia jikoni. "Malaria ina dawa."

Alichouliza baba kilikuwa kimoja tu. "Limekunywa?"

"Limekunywa, baba."

Mimi ndiye niliyelitunza, kwa kuwa nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu na nilisubiri kupangiwa shule, na barua haikuja. Jioni moja baba alisema bila kugeuka, "Likichanua Krismasi nitaamka nikalione." Mama aliyashika maneno yale kama ahadi ya daktari. Mimi nilisikia upande wake wa pili, kwamba lisipochanua hataamka. Mikono yake ilikuwa imekonda mpaka saa yake ikawa inateleza hadi kwenye kiwiko.

Septemba jirani yetu Ng'washi alikuja kumjulia hali. Akasimama mbele ya meza, mikono kiunoni.

"Mwalimu, huu si mnyaa huu?"

"Ni ua, mama."

"Ua gani halina jani? Kwetu Magu huu tunazungushia zizi. Ng'ombe wanaukojolea na unazidi kuota. Ninyi mmeuweka sebuleni kama mgeni, mnaunywesha. Lazima ushangae." Akacheka. "Utoe juani. Au huko chuoni walikufundisha kuimba tu?"

Nilicheka pia, kwa aibu. Lakini chuoni walitufundisha kweli. Nilikuwa nimechora ubaoni, mbele ya wanafunzi hamsini, mimea ya jangwani isiyo na majani, inayopenda jua na kuhifadhi maji mwilini. Ng'washi na daftari langu walisema jambo moja, na mimi nikaona nimepata uhakika. Kesho yake nililipeleka ua nyuma ya nyumba, juu ya jiwe. Mwamba wetu ule ukipigwa na jua mpaka saa nane, hata kuku hakanyagi. Nililiacha siku tisa bila maji.

Lilipogeuka rangi ya zambarau na kunyauka niliogopa, nikaanza kulimwagia asubuhi na jioni. Hapo ndipo shina lilipolainika. Vipande vilianza kuanguka kimoja kimoja, vinateleza vidoleni. Nikalificha nyuma ya pipa la maji jikoni. Baba aliuliza, "Limekunywa?" nami nikajibu, "Limekunywa, baba," na huo haukuwa uongo.

Katikati ya Novemba alisema, "Nileteeni nilione."

"Kesho, baba."

Alisema hivyo siku tatu, na siku tatu nilijibu hivyo. Siku ya nne hakuuliza. Hakunywa hata maji. Mama alinikuta nimechuchumaa nyuma ya pipa, nalikung'uta udongo uliooza kwa kijiko.

"Odeta," alisema, na hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu. "Mpe baba yako ukweli, au mpe ua. Lakini usimwache hivi."

Ningeweza kumuuliza baba tangu mwanzo. Aliishi na ua lile miaka mingi, na alilala hatua sita kutoka mezani. Sababu ya kutomuuliza naijua, na naiandika kwa kuwa sijawahi kuisema. Nilipojaza fomu ya chuo, kwenye kazi ya mzazi niliandika "karani". Baba ndiye aliyeipeleka posta. Kabla ya kuifunga bahasha aliisoma yote, polepole, akasema, "Mwandiko wako mzuri." Basi. Tangu siku hiyo sikuweza kumuuliza neno lolote kuhusu kazi yake.

Nilichukua kopo, nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, nimeliua."

Aligeuka. Ilimchukua muda. Alinyoosha kidole akagusa kipande kimoja cha ua, kisha kingine. Vilikuwa vimebaki vitatu.

"Uliliweka juani."

"Ndiyo, baba."

"Halafu ukaliogesha."

"Ndiyo."

"Nani alikuambia?"

"Mama Ng'washi. Na chuo."

Kifua chake kilitikisika. Sikujua kama anakohoa au anacheka. "Hukuniuliza mimi."

"Sikukuuliza."

"Ungeuliza. Au ulikuwa unamtafuta karani?"

Alisema taratibu, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu alichokiokota zamani. Nililia mpaka nikashindwa kuinua kichwa. Aliniacha nilie. Nilipotulia nilimuuliza, "Baba, pale ofisini ulikuwa unafanyaje?"

Alifikiri. Kisha akazungumza, maneno mengi kuliko ya miezi mitatu yote.

"Saa moja na nusu nafungua pazia. Dirisha la upande wa ziwa, jua lenyewe halifiki, ni mwanga tu. Jumatatu na Alhamisi nalinywesha maji yaliyobaki kwenye birika la mkuu, yakishapoa. Silihamishi. Siligeuzi. Saa tisa na nusu nafunga pazia, lile zito la kijani, maana mkuu hakutaka watu wa barabarani waone mafaili. Nafunga mlango, naondoka."

"Na Jumamosi na Jumapili?"

"Nani afungue? Kiza tu mpaka Jumatatu."

Nilihesabu kwa vidole. Saa kumi na sita za giza kila siku ya kazi. Sebuleni kwetu taa iliwaka mpaka mtu wa mwisho alale. Sikuwa na hakika, na hakuna kitabu nilichosoma, lakini niliwaza huenda kwa miaka yote ile lilichanua kwa sababu ya mkono uliofunga pazia.

Siku ile alinielekeza akiwa amelala. Nikate palipo pazima, kwenye kiungo. Niache vidonda vikauke siku mbili. Nipande kwenye mchanga uliochanganywa na majani yaliyooza, nisishindilie. Nikaliweka mezani, mbali na dirisha la jua, na kila saa tisa na nusu nikalifunika kwa boksi la sabuni. Asubuhi, saa moja na nusu, nikalifunua. Baba alikunywa uji vijiko vitatu, vinne. Siku nyingine hakunywa.

Siku moja mwanzoni mwa Disemba nilikwenda kuulizia barua yangu mjini, nikachelewa. Nilirudi mbio, saa kumi ikiwa imepita. Boksi lilikuwa tayari limelifunika ua. Mama hakuwa amerudi kutoka sokoni Mwaloni. Baba alikuwa kitandani ameelekea ukutani, lakini nyayo zake zilikuwa na vumbi la sebuleni.

Krismasi ilifika bila ua. Mama alipika wali na kuku, akampakulia paja.

"Amka ule, baba Odeta. Ni sikukuu."

"Nilisema nitaamka likichanua."

Mama alirudi jikoni na sahani. Nilimsikia akilia huku akiwasha mkaa ambao haukuwa na cha kupika.

Kesho yake sikuinuka. Sikuwa na nguvu ya kufunua boksi na kuona tena vijiti vitatu kwenye mchanga. Saa moja na nusu nilisikia kitu kikikwaruza meza. Nilitoka. Baba alikuwa amesimama na fulana yake, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza. Boksi lilikuwa sakafuni.

"Hakuna kitu, baba. Twende ukalale."

"Njoo uone hapa."

Kwenye ncha ya kipande kimoja palikuwa na kidoa chekundu, kidogo kama punje ya uwele.

"Ni ua?"

"Linaweza kuwa ua. Linaweza kuwa kipande kipya tu. Mpaka lifike ukubwa wa mchele ndipo utajua."

"Siku ngapi?"

"Kumi. Kumi na mbili." Alipumua kwa shida. "Usiligeuze."

Nilimshika mkono nikamrudisha kitandani. Alikuwa mwepesi kuliko mtoto. Alijilaza, akavuta shuka, na safari hii akalala ameelekea mlangoni, mahali ambapo meza inaonekana.