Mjomba Aliyekumbuka Yote

Miaka ishirini na mbili nachukua historia za wagonjwa, na sipendi kudanganywa. Siku hiyo daktari alinikabidhi binti wa miaka kumi na tisa anayepotewa na siku. Leo yuko sokoni, akizinduka ni keshokutwa, amevaa nguo asizozijua. Daktari alihisi ndani yake mna nafsi zaidi ya moja. Nikaguna, wengine hata hiyo moja inatushinda. Akaniambia niulize maisha yake tangu utotoni, ndipo tuamue: alazwe, au arudi nyumbani na mjomba wake aliyemleta.

Kosa langu lilikuwa kumwacha mjomba akae ndani. Mtu wa heshima zake, shati limenyooshwa, dada hivi, dada vile. Alisema hajawahi kuona ajabu lolote kwa mpwa wake, ni usahaulifu tu. Kila nilipomuuliza binti, aliangalia vidole vyake, mjomba akajibu. Likizo ya darasa la pili, binti hakumbuki. Alikuwa kwangu, akasema mjomba. Mwaka aliofariki mama yake, hakumbuki. Alikuwa kwangu. Nami, bila haya, nikawa namsifu kwa kumbukumbu zake, na fomu ya kumruhusu binti nilishaanza kuijaza.

Karatasi zikaniishia. Nikamwomba mjomba aniletee nyingine kutoka mapokezi. Mlango ulipofungwa tu, binti akapandisha miguu kitini, akajikunyata. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtoto wa miaka saba.

"Anti, ameenda? Usinirudishe kwake. Kile chumba kinafungwa kwa nje."

Kisha akashusha miguu. Akaniuliza kwa adabu, kwa sauti yake ya kawaida, kama tumeshaanza.

Nikaisoma upya historia niliyoiandika. Kila penye pengo, mjomba alikuwapo. Nilijichukia, sifichi. Nikaichana ile fomu, nikamfuata mjomba koridoni, nikamwambia kwamba binti analazwa. Basi. Habari ya ile sauti sikumgusia hata kidogo.

Wala hakubisha. Alinipa karatasi, akaziweka sawa mikononi mwangu, akanisogelea sikioni huku anatabasamu.

"Hamna shida, dada. Ila yule mdogo aliye ndani yake msimsikilize. Huyo ni mwongo tangu zamani."