Picha ya Tatu

Mtaani walimwita Bibi Hakika, na jina hilo hakupewa bure. Alikuwa fundi wa nguo, na mteja hakutoka kwake bila kupimwa kiuno mara mbili, mara ya pili tepu ikiwa imegeuzwa, ili vipimo visije vikaigana. Wateja walimcheka, lakini nguo zake ziliwakaa vizuri, basi naye akaamini kwamba kila jambo duniani lafaa kupimwa hivyo hivyo.

Mwanzoni mwa mwaka binti yake wa miaka tisa alianza kuumwa kichwa. Hospitali ya kwanza wakampiga picha ya skani, daktari akasema kichwani hamna tatizo, apelekwe akapimwe macho.

"Macho!" Bibi Hakika alimlalamikia dada yake. "Mtoto anashika kichwa analia, mtu ananiletea habari za macho!"

Akaisukumia bahasha ya picha chini ya godoro, akaenda hospitali ya pili mikono mitupu. Alijiambia kwamba akiionyesha, huyu daktari mpya atamnakili tu mwenzake. Walipomuuliza kama mtoto amewahi kupigwa skani, akasema hapana. Ikapigwa ya pili, majibu yakawa yale yale, na bahasha ikaenda kulala na mwenzake.

Sasa walikuwa hospitali ya tatu. Daktari alishauliza, alishajibiwa hapana, na alishaandika fomu ya skani. Mpiga picha wa hapo alikuwa mwanamke wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua, na hakuwa mtu wa haraka.

"Mama, kabla sijamlaza mtoto, nieleze. Amewahi kupigwa picha ya kichwa ya namna hii?"

"Hapana, dada. Ndiyo mara ya kwanza," akasema Bibi Hakika kwa macho makavu.

"Nauliza kwa sababu hii si eksirei ya kawaida. Mionzi yake ni mingi zaidi, na mwili wa mtoto bado unakua. Ikihitajika tunapiga, maana faida inaizidi hatari. Isipohitajika, tunambebesha mtoto mzigo wa bure. Hatari yenyewe ni ndogo, sikutishi, lakini kila picha inaongeza yake."

Bibi Hakika akazikumbuka zile bahasha mbili chini ya godoro. Hakuna aliyemweleza hivyo kule alikotoka. Au labda walimweleza, naye akili ilikuwa imeshatangulia hospitali nyingine. Angeweza kusema ukweli pale pale. Lakini kuyameza maneno yake mbele ya mgeni alikuona kugumu kuliko kumeza sindano, kwa hiyo akaitikia tu kwa kichwa.

Mpiga picha akageuka kuiweka mashine sawa. Alipogeuka tena, mtoto alikuwa ameshavua hereni na vibanio vya nywele, amepanda kitandani, kichwa kimetulia kwenye kishikio, mikono imenyooka ubavuni.

"Daktari, bado kunifunga ule mkanda wa kwenye paji la uso," akamkumbusha.

Mpiga picha akavua miwani. "Mwanangu, haya yote nani kakufundisha?"

Mtoto akamtazama mama yake. Macho yao yakakutana kitambo kidogo tu, kisha mtoto akayapeleka darini.

"Hakuna. Mimi sijawahi kupigwa."

Bibi Hakika hakuwa amemfundisha kusema hivyo. Hakumwomba afiche kitu, hata siku moja. Mtoto alisikia tu, hospitali baada ya hospitali, akaelewa mwenyewe kinachotakiwa. Na sasa alikuwa amelala pale, tayari kupigwa mionzi mara ya tatu ili mama yake asiumbuke. Aibu ikampanda Bibi Hakika mwili mzima. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mshushe," akasema. "Kapigwa mara mbili mwaka huu huu. Nimekudanganya, dada. Picha nimezificha nyumbani."

Mpiga picha hakumfokea. Afadhali angemfokea. Alichukua kalamu, akapiga mstari kwenye fomu.

"Kazilete, daktari azisome. Na macho mmeshapima?"

"Bado."

"Haya. Chumba namba nne, hapo mbele."

Kwenye korido Bibi Hakika alipiga magoti amrudishie binti yake hereni, lakini kila akijaribu, tundu la sikio halikuonekana.

"Mama, mbona umesema?" mtoto akamnong'oneza. "Mimi nisingekutaja."

Bibi Hakika akajaribu tena kuitia hereni. Mtoto akaichukua mkononi mwa mama yake, akaivaa mwenyewe.

"Usijali, mama. Kichwa leo hata hakiniumi."

Bibi Hakika akamtazama usoni, akamtazama sana, asijue kama mtoto anamwambia kweli.