Kijiti Chenye Shingo

Muuza vifaa alinisukumia sanduku la bati lililojaa patasi, akalifunua taratibu kama mtu anayeonyesha meno ya dhahabu.

"Chukua zima, dada. Ukiharibu moja, nyingine ipo."

"Nataka tatu tu," nikasema.

"Tatu? Fundi gani wa patasi tatu?"

"Fundi anayeanza."

Alicheka, lakini hakunifukuza, nami nikaanza kuzinyanyua moja moja. Zote zilikuwa patasi za kuchongea. Mipini yake ilikuwa mifupi, na mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini ulikuwa mwembamba kama msumari. Kwa mtu anayegonga kwa nyundo mezani hazina neno. Mimi nilitaka za kukerezea, na kwenye mashine ya kerezo mti ndio unaozunguka mbio huku wewe umekishika chuma tu. Mti ukikidaka, mkia mwembamba unakatika, na kipande kinachoruka hakichagui jicho.

"Hizi si zenyewe," nikasema.

"Patasi ni patasi."

"Kwa hiyo shuka ya kitandani nikaikate kwa mkasi wa kukatia bati?"

Alinitazama, akaguna, akapotelea nyuma ya rafu. Aliporudi alikuwa na kifurushi cha magazeti yaliyogeuka rangi. Ndani mlikuwa na vyuma vizito vya mipini mirefu kama mkono wangu. "Hizi zimekaa humu mpaka tumezoeana," akasema. "Hakuna anayeziulizia."

Nilichagua bobari pana, ile iliyokunjwa kama mfereji, ya kuondoa pembe za mti. Nikachagua bobari nyembamba, ya kuchimba mabonde. Ya tatu ilikuwa patasi ya mshazari, yenye makali yaliyokatwa upande, ya kulainisha. Nilizikumbatia njia nzima hadi nyumbani, na watu walinipisha.

Zote tatu zilikuwa kwa ajili ya kijiti kimoja.

Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi minane, na baba yetu alitaka mjukuu wake wa kwanza alale kwenye kitanda kidogo tulicholala sisi. Mama hakuishi kuitwa bibi. Kitanda hicho ndicho kilichobaki na alama ya mkono wake, pale juu ya reli alipokuwa akishika akitubembeleza, ambapo mbao imeng'aa kuliko kwingine. Lakini tulipokishusha kutoka darini tulikuta kijiti kimoja cha ubavuni kimevunjika vipande vipande, na pengo lake lilitosha kupitisha kichwa cha mtoto.

Dada hakupindisha maneno. "Mdogo wangu, mapenzi hayazibi pengo," aliniambia kwenye simu. "Jumamosi jioni shemeji yako anakuja na gari. Kikiwa kizima, tunakibeba. Kisipokuwa kizima tutanunua kingine, na Baba asininunie."

Mbao ya kufanana na ya kitanda ilikuwepo moja tu. Baba alikuwa kinyozi hadi magoti yalipomstaafisha, na benchi la wateja wake lilitengenezwa na seremala yuleyule wa kitanda, kwa mti uleule mwekundu. Katika benchi hilo palikuwa pamebaki ubao mmoja wa kuegemea, ulionyooka. Ulitosha kijiti kimoja. Haukutosha kukosea.

Karakana yangu ni stoo iliyo nyuma ya nyumba. Kerezo lilitoka kwa seremala aliyefunga kazi, na limejaza nusu ya chumba. Siku nzima ya Ijumaa nilijifunza juu ya kuni. Nilivaa miwani ya kukinga macho, nikafunga nywele, nikakunja mikono ya shati. Ukianza kwa pupa, mti unakurushia chuma. Lazima mgongo wa chuma uuguse mti kwanza, bila kukata, kama unausalimia. Halafu unanyanyua mpini kidogo kidogo mpaka makali yaonje. Niliharibu kuni nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Kisha, karibu na magharibi, mkono ukaelewa. Maranda yakaanza kutoka marefu, ya moto, yakinimiminikia mabegani, na kuni iliyokuwa na pembe ikawa ya mviringo mbele ya macho yangu. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

"Profesa," Baba aliniita kutoka mlangoni. Hilo ndilo jina alilonipa tangu nihitimu chuo, na hajaliacha ingawa bado natafuta kazi. "Umekuwa na mvi."

Nilishika kichwa. Kilikuwa kimejaa unga wa mbao.

Jumamosi mchana nilitoka kwenda kununua msasa. Baba akasema nimwachie vyuma anoe. "Nimenyoa vichwa vyote vya mtaa huu, hata visivyokuwa na nywele. Kama kuna kitu nakijua, ni makali."

Niliporudi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, jiwe la kunolea kwenye paja. Bobari zilikuwa zimemshinda kwa mkunjo wake, lakini patasi ya mshazari ilikuwa inameremeta. Akaipitisha juu ya mkono wake, na nywele zikaanguka bila sauti.

"Wembe utaona haya," akasema.

Nikamkumbatia. Nikaufunga ubao wa benchi kwenye kerezo, nikawasha. Bobari pana ikaondoa pembe vizuri. Baba alisimama mlangoni na kijiti kimoja kizima cha kitanda mkononi ili nikifuatishe. Kisha nikaishika patasi ya mshazari, nikasalimia mti, nikanyanyua mpini.

Sijawahi kuhisi kitu kama kile. Chuma kiliteleza, na maranda yalikuwa membamba kiasi cha kupitisha mwanga. Mti uling'aa bila msasa.

"Unanyoa," Baba akanong'ona. "Mwanangu, unanyoa kabisa."

Ndipo patasi ikagonga fundo.

Ilikuwa ni doa dogo jeusi ambalo hata sikuliona likizunguka. Palitoka mlio mkali, mpini ukanipiga kiganja, nami nikazima mashine. Makali yalikuwa yamemeguka kama meno ya kitana. Kwenye mti, pembeni mwa fundo, kulikuwa na jeraha lililozunguka karibu nusu ya kijiti.

Tulisikia kerezo likipungua kasi, likipungua, hadi likanyamaza.

Baba alichukua patasi, akaitazama kwa ubavu, kwenye mwanga wa dirisha. Niliona alichokiona. Alikuwa ameisugua hadi ikawa nyembamba kama wembe, na haikubaki nyama ya chuma ya kuyashikilia makali.

"Ni mimi," akasema. "Wembe wangu haujawahi kukutana na fundo. Kichwa cha mtu hakina mafundo."

"Cha Dada kinayo."

Hakucheka. Alikuwa anaangalia ubao wa benchi lake, na nikajua anachowaza: kitanda kingine kutoka dukani, na hiki kurudi darini. Lakini vidole vyangu vilikuwa vimeshatangulia kupapasa jeraha, vikipima, na wazo lilinijia nikiwa bado na huzuni.

"Baba, halikuingia ndani sana. Shika hapa."

Akashika.

"Nikichimba bonde kuzunguka kijiti chote, jeraha na fundo vyote vinaondoka. Katikati patabaki unene wa dole gumba lako. Hakitafanana na wenzake, lakini hakitavunjika."

"Kitakuwa na shingo," akasema polepole.

"Kitakuwa na shingo."

"Na chuma cha kuchimbia?"

Nikainua bobari nyembamba, ile ambayo jiwe lake lilishindwa kuiharibu. Sasa akacheka.

Nikawasha. Nilianza upande mmoja, na mti ukatoa nyuzi zilizosimama, mbaya. Baba akaniinulia kiganja nami nikazima.

"Unanyoa ndevu kuelekea zinakokataa," akasema. "Zifuate zinakolala."

Nilikuwa nimesoma jambo hilo kwa maneno mengine: kwenye bonde, chuma kinateremka mlima, hakipandi. Jana nilikuwa nalijua, leo hofu ilikuwa imelifuta. Nikateremka kutoka kushoto hadi katikati. Nikasimama. Nikateremka kutoka kulia hadi katikati. Kila mara jeraha lilipungua. Likawa mstari, likawa uzi, na mara ya mwisho maranda yaliponidondokea mkononi nilizima mashine, na hapakuwa na kitu tena ila shingo laini, nyekundu, yenye mviringo mzuri.

"Leta msasa, Profesa, gari hilo," Baba alisema, maana honi ya shemeji ilikuwa tayari inalia barabarani.

Nilisugua haraka. Tulilegeza skrubu za reli ya juu ya kitanda kilichokuwa kimeegemezwa kwenye ukuta wa stoo, tukakirudisha kijiti cha mfano, tukakisimamisha kipya kwenye tundu lake, tukakaza. Dada aliingia stoo akitanguliwa na tumbo, shemeji nyuma yake ameshika kamba za kufungia mzigo.

Dada hakusalimia mtu. Alipitisha vidole kwenye vijiti, kimoja baada ya kingine, vikafika kwenye shingo, vikasimama.

"Hiki vipi?"

"Nilikosea," nikasema.

"Tulikosea," Baba akasema. "Wengine wote wamenyolewa mtindo mmoja. Huyu kaomba wake."

Shemeji alikishika pale penye shingo, akakivuta kwa nguvu zake zote hadi kitanda kikasogea sakafuni. Kijiti hakikutikisika. Dada akajaribu kupitisha ngumi kwenye nafasi ya kushoto, kisha ya kulia. Haikupita.

Akafumba macho. Akaweka mkono mmoja juu ya reli, pale mbao ilipong'aa, na mwingine ukashuka ukitafuta, hadi ukaikamata shingo.

"Nikiamka gizani," akasema akiwa bado amefumba, "nikigusa hapa nitajua ni kitanda cha kwetu."

Akafumbua macho, akamgeukia mumewe.

"Na wewe unasubiri nini? Beba."