Geti la Ghorofa ya Tatu

Reli iliota kwenye korido ya ghorofa ya tatu ya wizara ya uchukuzi siku ya Jumatatu, kabla ya chai. Ilitokea ukutani karibu na choo cha wanawake, ikapita katikati ya Idara ya Barabara na Idara ya Reli, ikaingia ukuta wa pili. Mama wa usafi alifagilia kokoto pembeni, akaendelea na kazi yake. Treni ilipopita, watu walikumbatia mafaili yao wakasubiri mabehewa yaishe.

Mkurugenzi wa Barabara aliitambua mara moja. Ni ile ya mtaani kwa dada yake, pale barabara inapokatiza reli bila geti. Hapo ndipo treni ilipomgonga mpwa wake akienda shule.

Wizarani lami ni ya Barabara, chuma ni cha Reli. Mahali vinapokutana ni pa yule atakayefungua mdomo kwanza, maana huyo ndiye atakayebebeshwa mzigo. Kwa hiyo vikaoni, ajenda ya geti ikisomwa, wakubwa wote hugeuka mabubu. Mwenzake wa Reli hufuta miwani. Yeye huinamia simu. Aliinama hata kwenye kikao kilichofuata mazishi, na tangu siku hiyo anajiona muuaji aliyevaa tai.

Wiki ya pili treni ilimkosakosa Katibu Mkuu, ikaondoka na kisigino cha kiatu chake. Kufikia adhuhuri mafundi walikuwa wameshafunga geti lenye rangi nyekundu na nyeupe, kengele, na mlinzi wake kitini. Hakuna aliyeuliza ni la idara gani.

Ijumaa dada yake akaja ofisini. Binti yake mdogo, aliyebaki, alikuwa anakaribia kuanza shule, na njia ni ileile.

"Kaka, geti letu limefikia wapi?"

"Linashughulikiwa," alisema, uso ukamwaka kwa aibu.

Alipomsindikiza, kengele ililia na geti likashuka. Treni ikapita. Dada alilipapasa lile geti taratibu, kama anayechagua kitambaa dukani.

"Hili mlilifunga kwa muda gani?"

"Nusu siku."

"Basi mwanangu atavukia hapa."

Na ndivyo ilivyokuwa. Siku hizi akina mama wa mtaa ule huamka mapema zaidi, hupanda basi hadi mjini, huwapandisha watoto ngazi na kusubiri geti linyanyuke. Watoto huvuka korido, huingia mlango wa Idara ya Reli, na kutokea kwenye uwanja wa shule yao. Mlinzi amewazoea, huwatania wenye soksi zilizoshuka.

Mkurugenzi wa Barabara huwashikia mlango. Binti wa dada yake humwambia, "Asante, mjomba," na asante hiyo humchoma kuliko tusi. Kisha hupanda kikaoni. Ajenda ya geti la mtaani husomwa, mwenyekiti huuliza kama kuna mwenye la kusema, na hakuna.